Ujinga kwa Maana ya Kale: Funzo Kutoka Majaruba ya Mwea

Utangulizi

Makala haya yanahusu swali ambalo kila mwanafunzi wa chuo hukutana nalo tangu wiki ya kwanza, ingawa ni nadra kulichunguza kwa mfano halisi: mtu hutokaje katika ujinga? Jibu la haraka ni kwamba hutoka kwa kufundishwa. Jibu hilo halitoshi. Wapo waliofundishwa miaka thelathini wasijifunze, na wapo waliofundisha miaka thelathini bila kung'amua kwamba wao ndio waliohitaji somo. Husemwa pia kwamba dawa ya ujinga ni unyenyekevu. Hilo ni kweli, lakini ni kweli inayohitaji kupepetwa, kwa kuwa neno unyenyekevu limetumiwa mara nyingi na wakubwa kuwanyamazisha wadogo.

Ili tusielee katika nasaha, tumechagua mahali pamoja: mashamba ya mpunga ya Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, kwenye tambarare iliyo kusini mwa Mlima Kenya. Msomaji aliyepita barabara ya kutoka Makutano kwenda Embu ameyaona majaruba hayo yakitandaa pande zote mbili karibu na mji wa Wang'uru, ambao wengi huuita Ngurubani, na pengine amenunua pishori kando ya njia. Hoja tunayoitetea ni kwamba unyenyekevu unaoshinda ujinga si upole wa tabia wala kuinamisha kichwa mbele ya mwenye cheo. Ni kukubali kwamba jambo unaloliamini lipimwe mahali ambapo linaweza kushindwa, na watu wakiona.

Maneno mawili

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna desturi ya kuanza na neno, na safari hii desturi hiyo ina faida. Leo kumwita mtu mjinga ni kumtukana. Hata hivyo, tukirudi katika Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19, kama kilivyorekodiwa na Edward Steere na wenzake, tunakuta kwamba mjinga alikuwa hasa mtu mpya: mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye hajazoea lugha wala mwenendo wa pwani. Maana hiyo ina uchungu ndani yake. Waliomwita hivyo walikuwa ndio wenye mji na wenye kumiliki watu. Yule aliyeitwa mjinga huenda alikuwa mhunzi, mganga au mkulima hodari huko alikotoka. Ujuzi wake haukuwa umepotea, ila ulikuwa umehamishwa mahali usipotambuliwa. Kwa maneno mengine, ujinga wake ulikuwa wa mahali na wa muda.

Tukiishika maana hiyo ya kale, mambo mawili yanadhihirika. La kwanza ni kwamba ujinga si kasoro ya akili. Ni hali ya mtu aliyefika na bado hajazoea, na kila mmoja wetu hufika mahali fulani. Upumbavu ndio ulio kitu kingine, kwani mpumbavu huelezwa akakataa kuelewa. La pili ni kwamba anayemwita mwenzake mjinga mara nyingi haoni kile ambacho mwenzake anakijua. Tutayahitaji mambo yote mawili tutakapofika mashambani.

Neno la pili ni la chakula chenyewe. Kiswahili kina mpunga, mchele na wali, maana watu wa pwani wamelima, wametwanga na kupika kwa karne nyingi. Kuna hata jaruba, sehemu ya shamba la mpunga iliyozungushiwa matuta ili ishike maji. Gikuyu, lugha ya wengi wa wakazi wa Mwea, huita mchele mũcere, neno ambalo ni dhahiri limepanda kutoka pwani. Yaelekea wasemaji wa Gikuyu walikijua chakula hiki kwanza kama bidhaa ya dukani, nafaka iliyokwisha kukobolewa, kabla ya kuuona mmea wake. Mpunga ulipoletwa Mwea, basi, ulikuwa mgeni, na waliotakiwa kuulima walikuwa wageni wa mpunga.

Nchi iliyoanzishwa kwa amri

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwatumia watu waliowekwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa Mau Mau kuchimba mifereji ya kuteka maji ya mito ya Thiba na Nyamindi na kuyapeleka kwenye tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Kambi za Mwea zilijulikana kwa mateso, na haifai msomaji afikirie mifereji ile bila kuwafikiria waliochimba. Baadaye familia zisizo na ardhi zilipewa makazi katika mradi huo, kila mpangaji akipata takriban ekari nne za mpunga. Mwaka 1966 Sheria ya Unyunyiziaji Maji iliunda Bodi ya Taifa ya Unyunyiziaji, nayo ikaurithi mradi pamoja na kanuni zake.

Kanuni hizo zastahili kusomwa kama matini, kwa jinsi zinavyomchora mkulima. Mpangaji hakuwa na hatimiliki; alikuwa na leseni. Alitakiwa kutumia muda wake wote katika kilimo cha mradi, kufuata maagizo yote ya meneja kuhusu ukulima bora, na kukabidhi mavuno kwa Bodi isipokuwa magunia machache ya chakula cha nyumbani. Hakuruhusiwa kufuga mifugo apendavyo. Aliyekiuka angeweza kunyang'anywa leseni na kuondoka pamoja na jamaa zake. Bodi ililima kwa matrekta yake, ikaleta mbegu na mbolea, ikapanga siku ya kufungua maji na siku ya kuyafunga. Mkulima alipaswa kutii tu.

Mtu angeweza kuutetea utaratibu huo kwa kusema kwamba wakulima hawakuujua mpunga, na kwamba maji ya mfereji mmoja hayawezi kugawanywa na watu elfu kila mmoja akifuata rai yake. Hoja ya pili ina uzito. Ya kwanza ilikuwa na uzito kwa misimu michache ya mwanzo. Baada ya hapo ilibaki kama kisingizio, kwa sababu mkulima aliyevuna mara ishirini si mgeni tena, ilhali kanuni ziliendelea kumwona kama aliyeshushwa jana kwenye lori. Tatizo la kumwona mtu hivyo si kwamba unamvunjia heshima tu. Ni kwamba unakosa habari. Anayeamriwa haulizwi, na asiyeulizwa hana njia ya kumwambia mkubwa kwamba maji hayafiki mwisho wa mfereji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wanawake. Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu kizima kuhusu mradi wa Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris. Ndani yake mna sura ya Jane Hanger akishirikiana na Moris kuhusu wanawake na uchumi wa nyumbani. Waliopanga mradi walikuwa wamepima ardhi, maji, mbegu na mikopo kwa makini. Hawakumpima mke wa mpangaji. Yeye ndiye aliyepandikiza, akapalilia, akavuna. Lakini malipo ya mpunga yalikwenda kwa mwenye leseni, ambaye kwa kawaida alikuwa mume. Alikotoka mke huyo alikuwa na shamba lake la mahindi na maharage, na kuni alizikusanya bila kulipa. Katika tambarare ya Mwea kuni zilikuwa adimu na zilinunuliwa, na chakula kilichozoeleka nacho kilihitaji fedha ambazo hakuwa nazo mkononi. Mradi uliohesabiwa miongoni mwa miradi iliyofaulu Afrika ulikuwa umewaacha wengi wa wafanyakazi wake na mzigo mkubwa zaidi na mamlaka madogo zaidi. Hili halikufichwa na mtu, halikuulizwa tu.

Chambers mwenyewe ni mtu wa kutupiwa jicho. Aliwahi kuwa afisa tawala nchini Kenya katika miaka ya mwisho ya ukoloni, yaani alikuwa upande wa waliotoa amri. Miaka kumi baada ya kitabu cha Mwea, mnamo 1983, alitoa kitabu kingine kuhusu maendeleo ya vijijini, akidai kwamba wataalamu hupita vijijini haraka, huongea na wanaume, wenye nafuu na wanaokaa kando ya barabara, kisha hurudi mjini wakiamini wameona. Akawa miongoni mwa watetezi wakuu wa mbinu za utafiti ambamo wanakijiji wenyewe huchora ramani zao na kupanga vipaumbele vyao. Hatudai kwamba Mwea peke yake ndiyo iliyombadilisha. Tunachosema ni kwamba mmoja wa watu walioijua Mwea ya amri aliishia kuwahimiza wenzake kukaa chini na kusikiliza.

Mifereji mikononi mwa wenyewe

Mwaka 1998 subira iliisha. Wakulima waligoma kupeleka mpunga kwa Bodi, wakalalamikia bei na makato, wakaanza kuuza kupitia ushirika wao. Mvutano uliofuata ulikuwa mkali na serikali ikatumia polisi. Kwa miaka kadhaa Bodi ilikosa udhibiti wa mradi na wakulima wakajiendeshea mambo yao.

Hapa simulizi hupendwa kuishia, kana kwamba mkulima akishashinda ujinga nao umekwisha. Sivyo ilivyokuwa. Wakulima walijua mpunga, lakini kwa miongo minne walikuwa wamezuiwa kujua mambo mengine: kugawa maji kwa zamu juu na chini ya mfereji, kuondoa tope, kutunza milango ya maji, kuweka hesabu za mitambo mizito. Maeneo mapya yalilimwa mpunga nje ya mradi, maji yakapungukia walio chini, na ugomvi ukaongezeka. Mwaka 2003 hivi, Bodi ilirejea kwa masharti mapya: yenyewe ingesimamia mifereji mikuu, na vyama vya watumiaji maji vya wakulima vingesimamia matawi. Twaona kwamba maafikiano hayo yalikuwa somo kubwa kuliko mgomo wenyewe, ingawa hayasimuliwi sana. Bodi ilikiri kwa vitendo kwamba haiwezi kutawala bila wakulima, na wakulima wakakiri kwa vitendo kwamba kuna kazi ambayo bado hawajaizoea. Hakuna upande uliohitaji kutamka neno ujinga. Mwaka 2019, kwa njia, sheria mpya iliigeuza Bodi kuwa Mamlaka ya Taifa ya Unyunyiziaji.

Mche mmoja wa siku kumi

Sasa tufike kwenye kisa ambacho hasa kilitufanya tuchague Mwea. Mwaka 2009 Kenya ilikuwa katika ukame. Maji ya Thiba na Nyamindi hayakutosha. Wakati huo Profesa Bancy Mati, mhandisi wa udongo na maji wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, alileta Mwea namna ya kulima mpunga ambayo Tanzania huitwa kilimo shadidi, na ambayo wakulima wa Mwea huitaja kwa herufi tatu tu, SRI.

Ili tuelewe kwa nini jambo hilo lilionekana kama wazimu, tutazame desturi iliyokuwapo. Mkulima wa Mwea aliotesha mbegu kitaluni, akasubiri takriban mwezi mzima mpaka miche iwe mirefu na imara, kisha akapandikiza miche kadhaa pamoja katika kila shina, na kulifurika jaruba maji tangu kupandikiza hadi karibu na mavuno. Kilimo shadidi kinageuza karibu kila hatua. Miche huhamishwa ikiwa na siku 8 hadi 15, ikiwa na majani mawili tu. Hupandwa mmoja mmoja, kwa mistari, ukiachwa umbali wa sentimita 25 hivi kila upande. Maji hayafuriki daima. Huingizwa kidogo, huachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa ndogondogo, kisha huingizwa tena. Magugu huondolewa kwa kifaa cha kusukuma chenye meno yanayozunguka na kuchanganya udongo, na mbolea ya samadi au mboji hupendelewa.

Mantiki yake si ngumu. Mpunga huvumilia maji, lakini si mmea wa majini. Mizizi iliyozama muda wote hukosa hewa na mingi huoza kabla ya mmea kutoa masuke. Mche mchanga ukihamishwa kwa uangalifu, mizizi haijajeruhiwa, na ukipewa nafasi hutoa machipukizi mengi kutoka kwenye shina moja. Lakini jiweke mahali pa mkulima. Umesimama mbele ya jaruba la kulipia karo ya watoto, lililopandwa vijiti visivyoonekana hata kwa jirani, kimoja hapa, kingine kule, na tope tupu katikati. Mtu anakuambia ufunge maji, katika nchi ambayo maji yamegombewa hadi polisi kuitwa.

Zaidi ya hayo, mkulima alikuwa na sababu. Maji yaliyosimama huzuia magugu. Anayeyaondoa hukaribisha palizi. Miche mingi katika shina moja ni bima, kwani mmoja ukifa mwingine husimama. Mche wa mwezi mmoja haumezwi na tope la jaruba lisilosawazishwa. Mtaalamu ambaye angeiita desturi hiyo ujinga angekuwa amerudia kosa la meneja wa zamani, na tena angeshindwa kuona kazi ambayo desturi ilikuwa ikiifanya. Kubadilisha kitu kimoja kulidai kubadilisha vyote kwa pamoja: ukifunga maji bila kifaa cha kupalilia, magugu yatakushinda.

Kilichofanyika ni kitu kidogo. Wakulima wachache walikubali kujaribu katika sehemu ya mashamba yao, kando ya jaruba lililolimwa kwa desturi, na majaribio mengine yakaendeshwa katika kituo cha utafiti cha Mwea kilichoko Kimbimbi kwa aina tatu za mpunga, Basmati 370 ikiwemo, ambayo ndiyo pishori ya sokoni. Kiswahili kina istilahi nzuri kwa jambo hili: shamba darasa. Tuichunguze. Haisemi darasa kuhusu shamba, wala mwalimu aliyekwenda shambani. Shamba lenyewe ndilo darasa, na wote walio ukingoni, profesa na kibarua, wanatazama upande mmoja.

Hapo ndipo tunapouona unyenyekevu kwa maana tuliyoitaja mwanzoni. Mkulima aliyetenga kipande hakusema kwamba babake alikosea. Alisema tu kwamba yumkini kipo kisichojulikana bado, akahatarisha magunia machache ili akijue. Profesa naye hakuja na amri wala leseni ya kunyang'anya. Kama vijiti vile vingekufa, vingekufa mbele ya kila mpita njia. Methali yetu ya mtaka cha mvunguni hutumiwa kumhimiza mdogo ainame. Ajabu ya Mwea ni kwamba kupandikiza mpunga ni kazi ya kuinama kweli, mgongo chini na mikono topeni, na safari hii waliohitaji kuinama walikuwa wengi na wa vyeo mbalimbali.

Matokeo yalipimwa. Utafiti wa Ndiiri, Mati na wenzao, uliochapishwa mwaka 2013, ulilinganisha kilimo shadidi na desturi kwa wakulima wa Mwea. Mavuno yalizidi kwa tani 1.6 kwa hekta, yaani asilimia 33. Mbegu zilizohitajika zilipungua kwa asilimia 87, na maji kwa asilimia 28. Kazi ya mikono iliongezeka kwa wastani wa asilimia 9, ingawa katika baadhi ya maeneo ilianza kupungua mikono ilipozoea. Watafiti wa malaria nao walikuwa wamekwisha kujaribu Mwea kukausha na kulowesha majaruba kwa zamu, wakitafuta njia ya kuwapunguza mbu.

Asili ya kilimo hicho nayo inafaa kutajwa, kwani haikuzaliwa katika taasisi kubwa. Henri de Laulanié, padri Mfaransa wa shirika la Wajesuiti aliyesomea kilimo, alifika Madagaska mwaka 1961. Kwa miaka mingi alitembelea wakulima na kutazama. Aliona baadhi yao wakipandikiza mche mmoja mmoja, wengine wasiofurika maji muda wote, akayaweka moyoni. Msimu wa 1983 katika shule aliyoianzisha karibu na Antsirabe, mvua haikuruhusu kusubiri na miche ya siku 15 ikahamishwa mapema. Mwingine angeona ni mkosi. Yeye aliiacha imee, na ilipotoa machipukizi kuliko ya kawaida, akaanza kupunguza siku kwa makusudi. Aliifikia Madagaska akiwa mtaalamu. Aliugundua mfumo akiwa mjinga kwa ile maana ya kale, mgeni anayezoea.

Wasiokubali

Tusidanganyane kwamba wote walishawishika. Katikati ya miaka ya 2000 wataalamu wa mpunga, wakiwemo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga huko Ufilipino, waliandika makala kali wakidai kwamba mavuno yaliyotangazwa kutoka Madagaska yalizidi kiasi na kwamba, nje ya kisiwa hicho, mfumo huu haukuwa bora kuliko kilimo cha kisasa kilichofanywa vizuri. Ukali wa lugha yao pengine ulizidi, lakini madai yao ya kutaka vipimo yalikuwa halali. Hata takwimu za Mwea tulizotaja zinalinganisha kilimo shadidi na desturi ya mahali, jambo lililo tofauti na kukilinganisha na ubora wote unaowezekana.

Mwea kwenyewe wako wakulima waliojaribu wakaacha, na wako waliochukua nusu: mche mmoja au miwili badala ya mitano, siku 15 badala ya 8, mistari bila kukausha. Baadhi yao wana jaruba lisilo sawa, ambamo upande mmoja hukauka ilhali mwingine ni bwawa. Wengine hupata maji kwa zamu ya mfereji, si kwa wakati wanaoutaka, na huwezi kumwambia mtu afunge maji ikiwa hajui yatarudi lini. Kati ya 2012 na 2017 mradi wa serikali na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani ulifundisha Mwea kilimo cha kuokoa maji ambacho nacho hakikuwa shadidi kamili. Je, wakulima hawa wa nusu nusu wamekataa kujifunza? Rai yetu ni kwamba wao ndio wanafunzi wazuri. Mtu aliyepima, akachukua kinachofaa udongo wake na kuacha kisichofaa, ametoka katika ujinga zaidi ya yule aliyekubali yote kwa kuwa yalisemwa na profesa. Utayari wa kujifunza ukilazimishwa uishie katika ndiyo, unarudi kuwa utii, na wa utii Mwea imekwisha kushiba.

Konokono

Mwaka 2020 jambo jipya lilionekana katika majaruba ya Mwea: vishada vya mayai ya rangi ya waridi vilivyoganda kwenye mashina ya mpunga juu kidogo ya maji. Yalikuwa ya konokono wa majini mwenye asili ya Amerika Kusini, aitwaye kitaalamu Pomacea canaliculata, ambaye ameharibu mpunga wa Asia kwa miongo kadhaa. Hakuwa amewahi kuripotiwa Kenya. Watafiti waliofuatilia athari zake Mwea waliona kwamba shamba likivamiwa kwa zaidi ya asilimia 20 ya eneo lake, mavuno hupungua kwa takriban asilimia 14, na mapato halisi ya mkulima kwa asilimia 60 hivi, kwa sababu ya gharama za kupambana naye.

Tazama anavyokula. Hupenda miche michanga na laini, na hutembea vizuri penye maji. Ushauri unaotolewa kwingineko ni kupandikiza miche mikubwa iliyokomaa, ambayo hawezi kuitafuna kwa urahisi. Huo ni ushauri uleule wa desturi ya zamani ya Mwea, iliyoambiwa mwaka 2009 kwamba inachelewesha. Na mche mmoja wa siku kumi, ukiliwa, hauna wa kuuziba pengo. Kwa upande mwingine, jaruba lililokaushwa kwa zamu humzuia konokono kutembea, ingawa akizidiwa hujifukia topeni na kungoja maji yarudi. Sehemu moja ya kilimo shadidi inamsaidia, na sehemu nyingine inamzuia. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limeleta maji zaidi, na maji zaidi ni habari njema kwa mkulima na kwa konokono pia.

Hivyo swali la umri wa mche limefunguliwa tena, na safari hii mtaalamu wa maji, mtaalamu wa wadudu na mkulima wa Tebere wote ni wageni wa jambo moja. Wakulima huwaokota konokono kwa mikono asubuhi mapema, huponda vishada vya mayai, na wengine wameanza kujaribu kwa vipande: hapa miche ya siku 10, pale ya siku 20, pale jaruba likiwa kavu wiki ya kwanza, wakihesabu inayobaki.